Rambirambi za Mheshimiwa

Wapiga kura wa Bwera hawakujua jambo moja ambalo kila aliyefanya kazi katika ofisi ya mbunge wao kule Kampala alilijua: ukitaka Mheshimiwa akushughulikie haraka, basi ufe. Ukiwa hai na shida zako utaambiwa uache namba ya simu, na namba hiyo itakaa pale mpaka wewe mwenyewe uisahau. Lakini ukifa asubuhi, alasiri haifiki kabla jina lako halijasomwa katika redio moja ya Kasese, na Mheshimiwa amekwisha kusikitika sana.

Shafic aliligundua hilo mapema, akalicheka. Alikuwa kijana wa chuo kikuu, anasomea mambo ya siasa na utawala, na likizo ile ndefu ya katikati ya mwaka alikuwa ameomba kujifunza kazi bila malipo katika ofisi ya mbunge wa kwao. Wenzake darasani walimwonea wivu. Wao walirudi kwao kuchuma kahawa na kuuza vocha za simu, yeye akafunga tai na kuning'iniza kitambulisho shingoni, akapanda lifti ya jengo refu karibu na Bunge. Walidhani anatafuta ukubwa. Kumbe Shafic hakuwa na hamu ya ukubwa hata chembe. Alikwenda pale kwa ajili ya baba yake.

Baba yake, Muhamood, alikuwa dereva wa lori la Wahabu, tajiri wa Bwera anayepeleka saruji na sabuni Kongo na kurudi na mbao. Njia ya Beni aliijua kama njia ya kwenda msikitini. Safari moja lori lilikutwa limechomwa kando ya barabara na dereva hayupo. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na damu. Wahabu alivuka mpaka hadi Kasindi, akauliza huku na huku, akarudi ameshika tama. Nyumbani watu walianza kuongea kwa sauti ya chini, ile inayokera kuliko kelele, hadi siku alipokuja Papa Paluku.

Papa Paluku alikuwa Mkongo wa ng'ambo ya mto, muuza mafuta ya mawese, anayevuka kuja Bwera kila siku ya soko. Mtoto wa dada yake alikuwa amejiunga na vijana wenye bunduki huko msituni, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Alikaa mkekani, akakataa chai, akamtazama Saudah, mama yake Shafic.

"Mama Saudah, bwana yako iko muzima," alisema. "Beko naye kule mu pori, bale batoto ba bunduki."

"Banataka nini? Makuta?" Saudah aliuliza, akisugua vidole kama anayehesabu pesa.

"Hapana. Makuta habataki. Banasema ule muzee iko mupelelezi wa jeshi ya Uganda, eti alikuja kuona kambi yabo. Mimi nilituma maneno, nikasema iko shofere tu. Habanisadiki. Lakini beko na redio, banasikilizaka Kasese kila siku. Bamesema hivi: depite yenu aseme mu redio kama huyu mutu iko shofere wa Bwera, haiko askari. Akisema, bamuachilie."

Basi hilo ndilo lililohitajika. Si dhahabu, si jeshi, ni mbunge kufungua kinywa. Na mbunge mwenyewe alikuwa na kipindi chake katika redio hiyohiyo, kila Jumamosi, ambamo alizungumzia barabara ambazo zingekuja na maji ambayo yangekuja. Shafic aliona kazi ni nyepesi. Angeingia ofisini, angemweleza Mheshimiwa, na Mheshimiwa angesema neno moja katikati ya barabara na maji. Ndivyo vijana wanavyofikiri kabla hawajakaa katika ofisi ya mkubwa.

Aliyelinda mlango wa Mheshimiwa alikuwa Sylivia, mwanamke wa makamo kutoka Mahango kule mlimani, mwenye simu mbili zisizonyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Shafic mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Mutoto, mimi naona uchungu yako," alisema. "Lakini hii mambo ya Kongo Mheshimiwa haipendi. Wewe andika, mimi nitaweka kwa meza yake."

"Ahsante sana, Madamu."

Shafic aliandika. Karatasi ikawekwa mezani, na juu yake ikawekwa nyingine, na juu ya hiyo gazeti, na juu ya gazeti kikombe. Kila alipouliza, aliambiwa Mheshimiwa yuko kwenye kamati, Mheshimiwa amesafiri, Mheshimiwa yuko semina Entebbe. Alipigwa danadana hadi aibu ikamwisha. Mwishowe alimvizia kwenye maegesho ya magari.

Mheshimiwa alikuwa amepita jeshini kabla ya kuingia siasa, na lugha ya huko hakuiacha. Dereva wake alimwita afande. Alisimama mguu mmoja ukiwa ndani ya gari.

"Kijana! Iko shida gani?"

Shafic alieleza kwa pumzi moja. Mheshimiwa hakumkatiza. Alikuwa mtu wa kusikiliza vizuri, na hilo ndilo lililomdanganya kijana.

"Pole," alisema. "Lakini sikia. Mambo ya Kongo ni mambo ya jeshi. Mimi nikitaja kwa redio, kesho iko mukubwa anauliza, nani alikutuma? Uteuzi wa chama iko karibu. Wewe soma vitabu yako. Tulia."

"Mheshimiwa, ni neno moja tu. Useme yeye ni dereva."

"Hata 'piga' ni neno moja. Haya, kazi!"

Mlango ulifungwa. Shafic alibaki amesimama kwenye maegesho na tai yake. Angeweza kuacha kazi siku ile. Hakuacha, kwa sababu ukiwa nje ya jengo huna mlango wa kubisha.

Kazi yenyewe waliyompa ilikuwa ya misiba. Wajumbe wa Mheshimiwa vijijini walipiga simu kwa Sylivia: fulani amefariki. Sylivia alimpa Shafic jina, naye Shafic akatunga rambirambi, akamrudishia. Sylivia akaipitisha kwenda redioni Kasese, na baada ya habari za mchana mtangazaji akaisoma kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili, ili hata walio ng'ambo ya mto wasikie. Mheshimiwa mwenyewe hakuziona. Ulikuwa utaratibu wa ofisi, na ulikwenda kama mashine ya kusaga. Huko kwao hakuna kitu kinachosikilizwa kama matangazo ya vifo. Mtu ataacha kikaango kiungue ili asikie nani amekufa, na mbunge gani amemlilia.

Shafic akawa fundi wa kulia. Alijua kwamba mwalimu lazima aitwe taa ya jamii, na mwanamke lazima aitwe nguzo, na mtu ambaye hakuna anayemjua aitwe raia mwema. Kulikuwa na mzee mmoja wa Karusandara ambaye familia yake ilipiga simu tangu Jumatatu ikiomba gari la kumpeleka hospitali. Shafic mwenyewe alipokea simu hizo, mwenyewe akawaambia waache namba. Ijumaa alimwandikia mzee huyo maneno mazuri sana.

"Wewe unajua kulilia watu," Sylivia alimwambia, na alimaanisha kumsifu.

Siku moja, katikati ya asubuhi, mama yake alipiga simu. Hakuanza kwa salamu, naye Saudah ni mtu wa salamu ndefu.

"Shafic, Papa Paluku amekuja. Anasema jeshi inakaribia kule pori, bale watu banahama kambi. Banaingia ndani, mbali. Batu benye habawaamini, habatabeba."

"Hawatawabeba, maana yake nini, Mama?"

"Banaweza kuacha mutu nyuma, aseme kwa jeshi benyewe bameenda wapi?"

"Wanahama lini?"

"Wiki hii. Umusemeshe mukubwa yako, mutoto yangu. Mupigie magoti."

Mheshimiwa alikuwa nje ya nchi, na simu yake ilikuwa kwa mtu mwingine. Shafic alimwendea Sylivia, Sylivia akajaribu, akatikisa kichwa. Jumamosi ile kipindi kingekuwa marudio. Kijana alirudi kwenye meza yake ndogo karibu na mashine ya maji. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mbele yake palikuwa na kazi ya siku: mama mmoja amefariki, aandikiwe kuwa nguzo.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilimjia likiwa limevaa vizuri, limechana nywele, kama mawazo ya maangamizi yanavyokuja.

Wale vijana wa msituni walitaka nini? Mbunge aseme redioni kwamba Muhamood ni dereva, si askari. Na ni maneno gani ya mbunge yanayofika redioni bila kumpitia mbunge? Rambirambi. Rambirambi ingesema kila kitu: jina, kazi, tabia. Nani angeamini kwamba amekufa? Wao si wanaye? Wanamwona anakula, anaswali. Wangecheka kwamba huku kwao watu wamekosea, lakini wangesikia kwa masikio yao kwamba mbunge anamjua na kwamba ni dereva tu. Shafic aliligeuza wazo hilo juu chini akitafuta tundu, hakuliona. Alikuwa na akili ya darasani, na wazo lile lilikuwa na akili ya aina hiyohiyo.

Akaandika: "Mheshimiwa, kwa masikitiko makubwa, anatoa rambirambi kwa familia ya marehemu Muhamood, dereva wa lori wa Bwera. Marehemu alikuwa raia mwema na mtu wa kazi yake. Hakuwa askari wala mtu wa serikali, na hakushika bunduki maisha yake yote. Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema." Pale pa roho alipafuta mara mbili. Mara ya tatu akapaacha.

Alimpelekea Sylivia. Sylivia alikuwa na simu sikioni, na ile nyingine ikilia mezani.

"Nani tena?"

"Mzee mmoja wa Bwera, Madamu."

"Pole yao. Leo tuma wewe mwenyewe."

Alituma, kisha akampigia mama yake kumweleza, akieleza haraka kama mtu anayetembea juu ya paa bovu. Saudah alimkatiza kabla hajamaliza. Nyuma yake kuku walikuwa wakilia.

"Rudisha hiyo maneno," alisema.

"Mama, wanaye. Wanamwona ni mzima. Hawawezi kuamini amekufa. Watasikia tu kwamba mbunge anamjua."

"Bale batasikia hivyo. Na sisi? Batu ba huku batasikia nini?"

Hilo Shafic hakulifikiria. Alisema angelirekebisha baadaye. Watu wa Bwera wangeelewa, baba akirudi wote wangecheka. Alisikia mwenyewe jinsi sauti yake ilivyokuwa nyembamba.

Mchana aliisikiliza redio kwenye simu yake, amejifungia chooni. Mtangazaji alikuwa na sauti nzito, ya kumfanya hata mgonjwa ajione marehemu. Akasoma jina. Akasoma dereva wa lori wa Bwera. Akasoma hakushika bunduki maisha yake yote, kwa Lhukonzo, kisha kwa Kiswahili. Shafic aliufunika uso kwa viganja, akashukuru Mungu. Kwa dakika chache alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika jengo lile, na furaha hiyo ndiyo aliyokuja kuionea aibu zaidi ya yote.

Kwa sababu simu zilianza. Baba mdogo kutoka Kasese mjini, akilia. Wahabu, akilia, akisema Muhamood alikuwa ndugu si dereva. Watu aliosoma nao shule ya msingi. Wote walimpa pole, na kila alipojaribu kusema, "Hapana, sikilizeni," walimnyamazisha kwa upole kama mtoto aliyeshikwa na homa. Jioni ile Bwera watu walikuwa wamekwisha kutandika mikeka uani kwa Saudah, wameleta kuni, wameleta ndizi. Saudah aliwaambia mumewe hajafa. Walimkumbatia. Mbunge amesema, mama, serikali ndiyo inajua. Wewe ungejuaje?

Sylivia aliambiwa na mjumbe wa Bwera. Alikuja mpaka kwenye meza ya Shafic, simu zote mbili kaziacha.

"Yule muzee ilikuwa baba yako? Na wewe uliandika kwa mukono yako?" Akamkumbatia, akalia kwelikweli, machozi yakamdondokea kijana shingoni. Kuna huruma inayokufunga mdomo kuliko kofi.

Mheshimiwa alirudi, na kwa mara ya kwanza Shafic aliitwa ofisini kwake. Alipewa kiti. Alipewa mkono.

"Pole sana, kijana. Kumbe ilifika huko."

"Mheshimiwa, baba yangu hajafa."

"Siku ya kwanza sisi wote tunasema hivyo."

"Hajafa! Niliandika mimi. Niliandika ili wasikie kwamba si askari. Wewe ulikataa kusema, nikaandika mimi." Shafic alikuwa amesimama bila kujua. Akamsihi: Mheshimiwa aseme sasa, Jumamosi, kwamba lilikuwa kosa la ofisi, kwamba Muhamood dereva yuko hai. Baba angesaidika mara mbili, kule msituni na huku nyumbani.

Mheshimiwa hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa akiitazama meza.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yangu."

"Basi iwe hivyo. Kijana, mimi nimelia huyu mutu kwa redio, wilaya nzima imesikia. Sasa nirudi niseme hapana, iko hai, nilikosea? Halafu nani ataamini mimi tena kwa kitu? Mimi siwezi kufufua mutu kwa redio." Akainua kichwa. "Dua ni lini?"

"Hakuna dua, Mheshimiwa."

"Itakuwa Jumamosi. Mimi nakuja mwenyewe. Watu wa Bwera watakuwa wengi?"

Shafic alirudi kwao na basi la asubuhi. Kasese alishuka kubadili gari, na kwenye stendi mwendesha boda mmoja asiyemjua alimtazama kitambulisho shingoni, akamwambia pole, wewe ni mtoto wa yule dereva. Njia nzima hadi Bwera aliipiga namba ya Papa Paluku. Haikupatikana. Alikuwa amebaki na tumaini moja tu, nalo alilishika kwa meno: kwamba wameisikia redio, kwamba wamemwachilia, na kwamba hata sasa baba yake anatembea kwa miguu kuelekea mpakani. Akitokea, kila kosa litageuka kichekesho.

Nyumbani alimkuta mama yake kaketi chumbani kati ya wanawake. Alikuwa amevaa gauni lake la kila siku, la maua mekundu, amekataa kuvuliwa. Na alikuwa hajalia. Wanawake walikuwa wameanza kulisema hilo uani, kwamba macho ya Saudah ni makavu, ana moyo gani. Alimshika mwanawe mkono, akamvuta karibu.

"Paluku?" aliuliza.

"Simu haipiti."

"Mimi silii," alisema Saudah. "Nikilia, nimekubali. Mimi nitalia siku nitajua."

Hakumgombeza. Angemgombeza, Shafic angepumua.

Jumamosi mahema yalijaa tangu asubuhi. Shehe wa mtaa alikuwa na wasiwasi, maana maiti haipo na mwenye nyumba anasema mumewe yu hai, lakini viti vya plastiki vilikwisha kuja kwa jina la mbunge, na sufuria za pilau zilikuwa jikoni, na ni shehe gani atakayerudisha pilau? Redio ya Kasese ilileta mitambo yake ili itangaze moja kwa moja. Mheshimiwa alifika na msafara, akavua viatu, akakaa mkekani kama mtu wa watu. Dua ilisomwa. Kisha akapewa kipaza sauti.

Papa Paluku alitokea upande wa jikoni. Shafic alimwona kwa mbali, kavua kofia, kasimama nyuma ya wapishi. Aliruka miguu ya watu akaenda. Walisogea nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na kuni, na sauti ya Mheshimiwa ikawafuata huko kwa vipaza sauti.

"Papa, walisikia?"

"Balisikia," alisema Paluku. Alikuwa amechoka, suruali yake ina tope hadi magotini. "Mutoto ya dada yangu alinitumia maneno jana, mara ya mwisho. Bote balikaa, balisikia redio, na baba yako alikaa pale naye."

"Walisadiki?"

"Balisadiki. Mukubwa yabo alisema, sawa, kweli iko shofere. Depite amesema."

Shafic aligeuka, akatazama upande wa mpakani. "Basi wamemwachilia."

"Hapana." Paluku aliizungusha kofia yake mikononi. "Balisema, shofere tunamutaka, hatuna shofere. Na mutu bamesha kumulia kwabo, nani atamutafuta? Huyu sasa ni wetu. Bakamupatia gari yabo, bakamupatia na bunduki. Beko bameshaingia ndani kabisa, kule simu haifike. Mimi pia siwezi tena kupata bale batu, Shafic. Iko mwisho."

Uani Mheshimiwa alikuwa anasema. Alikuwa anasema kwa kinywa chake mwenyewe, wazi, redioni, maneno yaleyale yaliyoombwa tangu mwanzo: kwamba Muhamood alikuwa dereva, mtoto wa Bwera, si askari, hakushika bunduki maisha yake yote. Watu wakaitikia amina. Shafic alisikia chuki, si kwa Mheshimiwa, ila kwa mkono wake wa kulia.

"Baba alisema nini?" aliuliza. "Aliposikia?"

"Hakusema mingi. Aliuliza tu kama Saudah alilia."

Kijana alisimama pale. Aliyafikiria yote kwa haraka, kama alivyofundishwa. Akimwambia mama ukweli, mama atangoja. Atangoja akiwa hana mume wala eda, hana hili wala lile, akijua mumewe anawaendesha watu wanaochoma malori ya majirani zake, na siku jeshi likiwafikia litampiga risasi kama mmoja wao. Na Bwera ikijua, nyumba hii itaitwa nyumba ya waasi. Akimwambia uongo, atakuwa mjane tu. Katika mtaa ule, mjane ana heshima yake.

Papa Paluku aliondoka kwa njia ya migomba. Shafic alizunguka nyumba, akaingia chumbani, akachuchumaa mbele ya mama yake. Saudah alikuwa amemwona Paluku dirishani. Alimkamata mwanawe mabega kwa nguvu.

"Anasema nini? Shafic, anasema nini?"

Alitaka kusema yu hai. Neno lilikuwa mdomoni, na lilikuwa kweli, na hakuwahi kuliogopa neno kama lile.

"Anatupa pole, Mama," alisema.

Saudah alimtazama usoni, akamsoma, akadhani amemwelewa. Kisha akafungua kinywa. Kilio alichokuwa amekizuia siku zote zile kilitoka kikubwa, kikapita dirishani, kikafika uani, na wanawake wakakipokea. Mheshimiwa alisita katikati ya sentensi. Aliinamisha kichwa kwa heshima, na kipaza sauti akakiacha wazi mkononi, kwa hiyo redio ikakibeba kilio kile chote, kikavuka mto, kikaenda hadi mahali popote penye mtu anayesikiliza Kasese.